Miaka 25 ya kutisha, na karatasi ya 2019 ambayo hamjaisoma

Mama Neema wa Kadutu, Bukavu, anauliza: «Mdogo wangu alitoka kambi ya Nyarugusu akapelekwa Texas mwaka 2016. Mwaka 2019 alikamatwa na kokeini kidogo. Wakasema ni feloni, yaani kosa zito, lakini hakufungwa. Alipewa probesheni, yaani kuangaliwa na ofisa akiwa nje ya jela, ya miaka mitatu na akaimaliza. Sasa amekamatwa tena na kokeini isiyofika gramu moja. Muumini mwenzake kanisani ametuambia kwamba mwenye feloni ya zamani akirudia hupigwa miaka 25. Mwendesha mashtaka amempa mapatano, yaani akiri kosa kwa adhabu nafuu, na avoka wa bure anataka jibu upesi. Familia imeanza kuchanga. Je, hiyo miaka 25 ni kweli, na akubali?»

Mama Neema, pole sana kwa usiku mnaokesha na simu mkononi. Nianze na lile linalowanyima usingizi: hapana. Kwa kokeini isiyofika gramu moja, na kesi moja tu nyuma yake, sheria ya Texas haimpi hakimu njia ya kumfunga mdogo wako miaka 25. Hatari aliyonayo ni nyingine, na mimi naiona kubwa kuliko kifungo. Anaweza kukubali mapatano yanayoonekana mepesi, akatolewa jela ya kaunti, na mlangoni akapokelewa na maofisa wa uhamiaji wenye hati ya kumshika ili arudishwe Kongo. Kwa hiyo, kabla hamjasoma mbele, mpigieni na kumwambia asisaini chochote mpaka avoka wake awe ameisoma hukumu ya 2019 yenyewe. Si maelezo yake ya mdomo, ni hukumu yenye muhuri wa mahakama.

Najua hili linasikika geni kwetu. Kanuni yetu ya adhabu, ile ya tarehe 30 Januari 1940, haina kanuni ya jumla inayosema aliyerudia kosa aongezewe kiasi fulani. Ni sheria chache maalumu zinazolitaja jambo hilo, na kwa mengine hakimu hupima mwenyewe. Marekani ni kinyume. Hukumu ya zamani ina bei iliyoandikwa ndani ya sheria, na bei hiyo hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, na tena kati ya jimbo na serikali kuu. Ndiyo maana ushauri wa mtu wa Ohio unaweza kumpoteza mtu wa Texas, hata kama yule wa Ohio alipitia mambo yaleyale na anasema kweli.

Hiyo miaka 25 haikutungwa, ipo. Texas ina kanuni kwamba mtu aliyekwisha kuhukumiwa feloni mbili, ya pili ikiwa imetendwa baada ya hukumu ya kwanza kukamilika, akitenda feloni nyingine atafungwa kati ya miaka 25 na 99, au maisha. Lakini kanuni hiyo ina mipaka miwili inayomgusa mdogo wako moja kwa moja. Kwanza inataka hukumu mbili za nyuma, naye ana moja. Pili haihusu feloni za ngazi ya chini kabisa, ambazo mtu hufungwa katika jela maalumu za jimbo, na kokeini ya chini ya gramu moja iko katika ngazi hiyo. Hukumu ya ngazi hiyo haiwezi hata kuhesabiwa kama mojawapo ya zile mbili.

Adhabu ya ngazi hiyo ni siku 180 hadi miaka miwili, pamoja na faini isiyozidi dola 10,000. Haina parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti; mtu akipewa mwaka ajiandae kukaa karibu mwaka mzima. Hukumu za zamani zinaweza kuipandisha, lakini moja kama ya mdogo wako haitoshi. Mwenye hukumu mbili za nyuma za ngazi hiyohiyo anapanda kwenye ngazi ya tatu, miaka 2 hadi 10. Mwenye feloni mbili za ngazi za juu zilizofuatana anapanda ngazi ya pili, iliyo nzito kuliko ya tatu, miaka 2 hadi 20. Angekuwa amekamatwa na kokeini ya gramu moja mpaka chini ya nne, mambo yangekuwa mazito zaidi: hapo kosa lenyewe linaanzia ngazi ya tatu, na feloni moja ya zamani ya ngazi ya juu inatosha kuifikisha miaka 20. Uzito huo hupimwa pamoja na unga wowote uliochanganywa ndani. Ripoti ya maabara ikisema gramu 0.9 au 1.1, hiyo tofauti ndogo ni miaka ya mtu, na avoka ana haki ya kudai ripoti hiyo kabla ya kuzungumza mapatano.

Katika sheria ya serikali kuu pia kuna 25. Tangu tarehe 21 Desemba 2018, mtu anayeshtakiwa kwa kuuza kiasi kikubwa, kwa kokeini kilo 5 na zaidi, kifungo cha chini ni miaka 10. Akiwa na hukumu moja nzito ya zamani ni 15, akiwa na mbili ni 25. Kabla ya tarehe hiyo zilikuwa 20 na maisha. Na si kila hukumu ya zamani inahesabiwa: ya dawa lazima iwe ilimweka gerezani zaidi ya miezi 12, na awe ametoka ndani ya miaka 15 kabla ya kosa jipya. Tena mwendesha mashtaka lazima aitaje kwa maandishi kabla ya kesi kusikilizwa au mtu kukiri. Kumiliki tu kwa matumizi yako mwenyewe, katika mahakama za serikali kuu, ni hadi mwaka mmoja kwa mara ya kwanza; mwenye hukumu moja ya dawa anapata siku 15 hadi miaka miwili, mwenye mbili au zaidi siku 90 hadi miaka mitatu. Nafikiri muumini yule alisikia hesabu ya wauzaji wakubwa akaihamishia kwa mtu aliyekutwa na kipakiti. Hakukusudia ubaya, lakini mtu mwenye hofu ya miaka 25 husaini miaka miwili kwa furaha, hata pale ambapo hakustahili hata huo mmoja.

Sasa tuje kwenye karatasi ya 2019, maana hapa ndipo pana uzito wa jibu langu. Mnasema «alipewa probesheni akaimaliza». Texas ina probesheni za aina mbili, na kwa familia zinafanana kabisa: anaripoti kwa ofisa, anapimwa mkojo, analipa ada, anafanya kazi za jamii. Kisheria hazifanani.

Katika aina ya kwanza hakimu anamtia mtu hatiani, anataja kifungo, kisha anakisimamisha. Katika aina ya pili mtu anakiri, lakini hakimu hamtii hatiani. Anaahirisha hukumu, na mtu akimaliza muda wake salama kesi inaondolewa. Mdogo wako akiwa wa aina ya pili, basi kwa mahakama ya jinai ya Texas hana hukumu ya zamani ya kumwongezea adhabu ya kosa kama hili. Anaweza hata kudai kinga waliyonayo wasiowahi kuhukumiwa feloni: kwa chini ya gramu moja, mtu kama huyo kwa kawaida hakimu analazimika kumpa probesheni badala ya kumfunga. Na hata akiwa wa aina ya kwanza, mahakama za Texas zimeshikilia kwa muda mrefu kwamba kifungo kilichosimamishwa na probesheni ikamalizika bila kufutwa si hukumu iliyokamilika kwa ajili ya kuongeza adhabu. Kinachobaki ni kwamba hakimu anaijua, na anaweza kuipima anapochagua kati ya siku 180 na miaka miwili.

Yote haya yanasimama juu ya neno moja la barua yako: akaimaliza. Lihakikisheni. Nimeona ndugu wakisema «ameimaliza» kwa sababu miaka ilipita, kumbe ada hazikulipwa na ofisa aliomba muda uongezwe. Kosa jipya likiangukia ndani ya probesheni, mwendesha mashtaka hana haja ya kuhangaika na kesi mpya. Anaomba ile ya zamani ifunguliwe. Hapo haamui mzee wa baraza yeyote, anaamua hakimu peke yake, na kipimo cha ushahidi ni cha chini kuliko kile cha kesi ya kawaida: inatosha ionekane kuwa kuna uwezekano zaidi kwamba alivunja sharti kuliko kwamba hakulivunja. Na kama ilikuwa ile ya kuahirishwa, adhabu yote ya kosa la 2019 inarudi mezani kana kwamba haikuwahi kupita siku hata moja.

Kuna jambo dogo ninalolitaja kila mara kwa watu wetu waliopitia makambi. Wengi waliandikwa kuzaliwa tarehe 1 Januari, na majina yetu yameandikwa kila namna, la baba mbele, la mtoto nyuma. Mahakamani hukumu ya zamani haithibitishwi kwa jina tu. Mwendesha mashtaka anapaswa kuonyesha kwamba aliyehukumiwa wakati ule ndiye huyu aliyesimama hapa, na mara nyingi anafanya hivyo kwa alama za vidole. Kwa hiyo kubadilisha jina hakumfichi mtu, na pia mtu asibebeshwe hukumu ya mwingine mwenye jina na tarehe kama yake. Hakimu akisoma aya ya hati ya mashtaka inayotaja hukumu za zamani, mshtakiwa huulizwa: ni kweli au si kweli? Wetu wengi hujibu «kweli» kwa heshima. Akishajibu hivyo, upande wa mashtaka hauna tena la kuthibitisha. Ajibu baada ya avoka kukagua, na adai mkalimani anayeelewa Kiswahili cha kwetu. Ni haki yake na halipii.

Haya yote yanahusu kifungo. Kama mdogo wako hajaapa uraia wa Marekani, lililo gumu zaidi linafuata.

Uhamiaji wana tafsiri yao ya nini maana ya kuhukumiwa. Kwao, mtu akikiri na hakimu akaweka sharti lolote juu ya uhuru wake, amehukumiwa, hata kama Texas iliahirisha na kufuta. Na hukumu yoyote ya dawa za kulevya, isipokuwa mara moja tu ya bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yako mwenyewe, inamfanya mwenye kadi ya ukaaji wa kudumu aweze kufukuzwa. Kokeini haina msamaha huo, iwe kidogo namna gani. Maana yake, Mama Neema, ni kwamba mdogo wako yuko katika hatari hiyo tangu 2019, si tangu juzi. Kuna uwezekano hakuna ofisa aliyefungua faili lake wakati ule. Lakini alama za vidole za kila anayeingizwa jela leo zinafika uhamiaji pia.

Kuna kesi iliyotoka Texas hukohuko inayofaa avoka wake aikumbuke. José Angel Carachuri-Rosendo aliletwa Marekani akiwa na miaka 5. Mwaka 2004 alikutwa na bangi kidogo, akakaa jela siku 20. Mwaka 2005 alikutwa na kidonge kimoja cha Xanax, dawa ya kutuliza wasiwasi, bila karatasi ya daktari, akapata siku 10. Serikali ikasema: ni mara ya pili, na mara ya pili ingeweza kuwa feloni kwa sheria ya serikali kuu, basi ahesabiwe miongoni mwa wahalifu wazito wasioruhusiwa hata kuomba huruma ya hakimu wa uhamiaji ili wasifukuzwe. Tarehe 14 Juni 2010 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote wakiwa na kauli moja, ikakataa. Sababu yao ndiyo inayotufaa: mwendesha mashtaka hakumshtaki kama mrudia kosa, na hukumu haikusema hivyo, kwa hiyo uhamiaji hauwezi kumgeuza kuwa mrudia kosa baadaye. Kwa mdogo wako hii ina maana kwamba mapatano yakiwa na aya inayotaja kesi ya 2019 kama sababu ya kuongeza adhabu, aya hiyo iondolewe, hata ikibidi akubali siku chache zaidi jela. Siku zinaisha, lakini aya ile ikibaki kwenye hukumu atakutana nayo kila anapokwenda.

Huruma ile aliyoipigania Carachuri-Rosendo inataka mtu awe ameishi Marekani miaka saba mfululizo, na hesabu ya miaka hiyo inasimama siku alipotenda kosa la dawa. Mdogo wako alifika 2016 akakosea 2019. Saa yake ilisimama kwenye mwaka wa tatu. Ndiyo maana nasema kesi ya zamani inaweza kumdhuru zaidi kuliko hii mpya.

Lakini kesi ya zamani yenyewe inaweza kuhojiwa. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu hiyohiyo wa 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, avoka wa jinai analazimika kumwonya mteja asiye raia kwamba kukiri kunaweza kumfukuzisha nchini. Mwulizeni mdogo wako, kwa utulivu na bila kumlaumu: mwaka 2019, kabla ya kukiri, kuna mtu alimwambia habari ya uhamiaji? Alikuwa na mkalimani? Kama hakuambiwa, na angekataa kukiri kama angejua, Texas ina njia ya kuomba hukumu ile ibatilishwe hata baada ya probesheni kwisha. Ikibatilishwa kwa kasoro ya kisheria, uhamiaji hupaswa kuitambua kuwa imekufa. Ikifutwa kwa sababu tu mtu amejirekebisha, hawaitambui. Na ile ya 2019 ikiondoka kwa njia hiyo ya kwanza, hesabu ya miaka saba inaweza kuonekana upya, kwa kuwa sasa ameshaipita. Hii ndiyo kazi ningetaka mchango wenu uende kuifanya.

Kuhusu mapatano yenyewe, kuna namna tatu ambazo avoka huzitaja kwa haraka na mtu anasikia zote kama «hutafungwa sana». Mwendesha mashtaka anaweza kukubali adhabu ya kosa dogo huku hukumu ikibaki feloni. Anaweza kukubali kosa lenyewe lishushwe liwe dogo, na hapo mdogo wako hana feloni mpya. Hii ni bora mbali sana kwa siku zijazo, ajira na nyumba. Lakini kwa uhamiaji zote mbili bado ni hukumu ya dawa. Ya tatu ni kumpeleka kwenye mpango wa matibabu kabla ya kukiri chochote, na akiumaliza mashtaka yanaondolewa. Hiyo haina kukiri, na kwa asiye raia ndiyo ya kupigania. Mwenye kesi ya nyuma hupewa kwa shida, kwa hiyo barua za mwajiri, mchungaji na kituo cha matibabu ziandaliwe sasa. Kama kweli anatumia, matibabu yaanze leo bila kusubiri mahakama. Ni maisha yake kwanza.

Wasomaji wenye ndugu majimbo mengine wasichukue hesabu za Texas. California, kwa mfano, ilishusha kumiliki kuwa kosa dogo mwaka 2014, kisha Novemba 2024 wapiga kura wakaruhusu mwenye hukumu mbili za dawa ashtakiwe kwa feloni akirudia mara ya tatu, na matibabu yakiwa njia ya kuikwepa. Na vijana wetu wajue kwamba Texas, mafuta ya bangi ya kuvuta kwa kifaa cha umeme ni feloni hata chini ya gramu moja, ingawa majani yenyewe kwa kiasi kidogo ni kosa dogo.

Mambo mawili ya simu. Simu za jela zinarekodiwa na mwendesha mashtaka anaweza kuzisikiliza, kwa Kiswahili au Mashi. Msimwulize ilikuwaje, mwulizeni afya yake na tarehe ya mahakama. Na akitokea mtu anayesema anamjua hakimu na anataka pesa ya kulainisha mambo, mkatieni. Huko hilo ni kosa la jinai lenyewe, na atakayebeba ni mdogo wenu.

Mwisho, mchango. Msitume pesa ya dhamana bado. Kampuni za dhamana huchukua kwa kawaida kama asilimia 10 ya kiasi kilichotajwa, na hiyo hairudi. Ndugu aliye Texas apige simu jela ya kaunti na kuuliza swali moja: je, uhamiaji wameweka ombi la kumshikilia? Kama hawajaweka, avoka anaweza kuomba dhamana ipunguzwe, na kutoka kutamsaidia kuanza matibabu. Kama wameweka, mkilipa mtakuwa mmemtoa jela ya kaunti na kumkabidhi kwao, ambako mwenye kesi ya dawa mara nyingi hana haki ya dhamana kabisa. Hapo pesa yote iende kwa avoka wa uhamiaji, asome hukumu ya 2019 na kumwandikia avoka wa jinai ni maneno gani yasiwemo kwenye mapatano. Ana haki pia ya kueleza hofu ya kurudi: ulinzi dhidi ya mateso haufungwi na hukumu ya jinai, na yaliyotokea Kivu tangu mwanzo wa 2025 yanaweza kuwekwa mezani kama ushahidi. Avoka wa bure akiwahimiza kujibu upesi, mdogo wako aombe kesi iahirishwe mpaka ushauri huo wa uhamiaji uwe umeandikwa.